Neno Lililomfuata Leonia

Alhamisi, saa kumi alasiri, Mwalimu Castory alifuta ubao kwa kipande cha kanga kuukuu, akaandika sentensi tano za Kiingereza. Chumba alichofundishia kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, pale Mwanga, na cherehani ilisikika ukutani kutwa nzima. Wanafunzi wake watano, watu wazima wote, walikuwa wamesimama. Kwa mwalimu huyu matokeo yalipokelewa kwa kusimama, kama shule ya msingi siku ya kufunga, namba moja mbele na mkia nyuma.

Safari hii namba moja ilikuwa na maana. Hoteli mpya ya ufukweni, kule Bangwe, ilitaka mpokea wageni mmoja anayejua Kiingereza, na meneja alikuwa amemwambia Castory amletee atakayeongoza mtihani wake. Wa pili hakuhitajika.

Leonia alisimama karibu na mlango, mara mguu huu, mara mguu ule. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimaliza ufukweni Kibirizi akibanika migebuka, samaki wa ziwani. Mwezi wa tatu daktari alisikiliza kifua chake, akamwambia aachane na moshi kabla moshi haujammaliza. Kazi nyingine hakuwa nayo. Ndipo akaanza Kiingereza, akikariri mbele ya moto na kukohoa katikati ya sentensi.

Ubaoni pa juu kabisa paliandikwa: Asumani came first. Chini yake: Leonia came second. Heritier akawa wa tatu, Winfrida wa nne, Erasto wa tano. Kila mmoja chumbani alijua kwamba Asumani aliulalia mtihani ule, shavu juu ya karatasi, na kwamba baba yake, Mzee Mwinshehe, ndiye mwenye nyumba ile, duka na chumba vyote viwili. Castory hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga akishika chaki usimcheke, atakuumiza. Kosa lake ni kuandika. Angeyatamka kwa mdomo, labda yangeishia hapo.

"Nakilini," alisema, macho yake sakafuni.

Leonia hajafungua hata daftari, neno first liliachia ubao. Lilishuka taratibu kwa miguu ya herufi zake, likasimama sakafuni, refu kufika magotini, likidondosha vumbi jeupe pembeni. Likapita katikati ya viatu vya Asumani bila kugusa, likaenda kusimama nyuma ya Leonia. Second likamfuata Heritier, third likaenda kwa Winfrida, fourth kwa Erasto. Fifth lilizunguka kidogo, kisha likakaa kwa Asumani, ambaye alisogeza kiti kulipisha. Ubaoni yalibaki majina matano, kila moja na came yake, na nafasi tupu.

Castory aliutazama ubao, akasema kipindi kimekwisha.

Leonia alikatisha sokoni, neno nyuma yake.

"Dada, hilo lako?" aliuliza muuza nyanya.

"Ego, ndiyo, langu."

"Basi litazame, lisinikanyagie mafungu."

Siku ile na iliyofuata Leonia hakuweza kukaa. Akiketi anainuka, akiinuka hajui aendako. Alitembea kutoka Mwanga mpaka Ujiji, akafika, akageuka, akarudi. Neno lilimfuata hatua kwa hatua, na mvua ilipowakuta njiani waliingia wote wawili chini ya baraza la msikiti, yeye akiwa amesimama, lenyewe limeegemea ukuta. Watu walilisoma, wakamwambia hongera, wakaendelea kuzungumzia bei ya mafuta.

Jumamosi alikwenda hotelini. Getini fifth lilikuwa limekaa kivulini karibu na askari, maana lilikatazwa kuingia kwa sababu ya wageni. Ndani, Asumani alisimama nyuma ya meza ndefu kwa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani. Meneja, mama mmoja aitwaye Angela, alimtazama Leonia, akainama kidogo kulitazama na lile lililo nyuma yake.

"Nakuona, dada. Na hilo naliona, wala silibishii."

"Basi?"

"Barua ya kazi imeshatoka. Ina muhuri."

Leonia alikasirika mpaka masikio yakaziba. Alitoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Castory, akamkuta anachonga penseli.

"Mwalimu, shika chaki uandike upya."

"Nikiandika jina lako juu, dada yangu, Mzee atafunga chumba hiki."

"Na mimi kifua changu kitafunga."

Castory aliweka penseli chini. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa ya kweli, lakini chaki hakuishika. Alimwambia aje asome bure, muda wowote atakao, hata miaka miwili. Leonia alijiuliza asome nini tena.

Jumatatu alirudi Kibirizi. Scola, jirani yake wa tanuri, alimpisha nafasi.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

"Na hilo?"

"Limekataa kubaki nyumbani."

"Mwenye nguvu mpishe, mwenzangu," alisema Scola, akalisogeza neno upande usiopigwa na moshi. Haikusaidia. Baada ya wiki lilikuwa jeusi kama sufuria, na ili lisomeke ilibidi Leonia alipanguse kwa ncha ya kanga. Alilipangusa kila asubuhi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mwezi uliofuata Asumani alitumwa na hoteli kununua migebuka.

"Shikamoo, dada Leonia."

"Marahaba."

Alichagua samaki kumi, akabaki amesimama. "Dada, kuna mgeni mmoja Mzungu, kila siku ananiuliza lile la getini ni la nini. Nimwambieje?"

"Mwambie: I came fifth."

"Ndiyo nini?"

"Nilikuwa wa tano."

Asumani aliangalia viatu vyake. "Hiyo siwezi, dada. Watanifukuza."

"Watakufukuza, ndiyo," alisema Scola.

Leonia alikuwa na sentensi nyingine ulimini, ya aibu, ambayo Asumani angeitamka mbele ya wageni bila kujua anasema nini. Alitamani sana kumpa. Kikohozi kikamshika, akajishikiza kwenye ukingo wa tanuri mpaka kikapita, na kilipopita alimpa iliyo sahihi.

"Sema: It is waiting for somebody. Maana yake, linamsubiri mtu."

Asumani alijaribu, akakosea. Leonia akamsahihisha, akamrudisha mwanzo, akamrudisha tena. Mara ya nne sentensi ilitoka safi, na kijana akaondoka na samaki wake, akiirudia njiani asiisahau.

Mgeni aliridhika na jibu. Mama Angela naye alilisikia, akamsifu Asumani mbele ya wafanyakazi wenzake kwamba Kiingereza chake kinakua. Wakati huo Leonia alikuwa ameshaongeza kuni, anageuza migebuka ya hoteli, oda ya kesho.