Maji ya Kumwosha Najib

Waridi alipiga hodi langoni kwangu wakati mzee wa kanisa Kioko anatufundisha namna ya kuishi katika kusudi la Mungu kwenye nchi yenye mafarakano. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki, hapa uani kwangu Mwakirunge. Sikuwaita. Tangu mke wangu Philister afariki wanakuja kila Jumatano kunifariji, na chai napika mwenyewe.

Waridi ni jirani. Alikuwa na ndoo mbili na leso ameifunga vibaya.

"Shemeji, Najib hayuko tena. Ukuta wa timbo umemwangukia asubuhi akikata mawe. Alasiri wanamzika."

Mwanawe Najib tulimjua sote. Wakati wa uchaguzi wakubwa waliwapa vijana wa hapa hela na matairi, wakayachoma na kuziba barabara, eti sisi wa bara turudi kwetu. Siku hiyo hiyo Philister akabanwa na pumu. Tuktuk yetu ya kwenda hospitali ilipofika kwenye moto, Najib akaigonga kwa rungu, akasema geuzeni. Tukageuza. Philister alikata roho kwenye mapaja yangu. Na wale wakubwa? Sasa wanakula meza moja, wanachekeana kwenye televisheni. Hata mmoja hajafika hapa kusema pole. Mfereji wa maji waliotuletea unatoa upepo tu. Ukame huu, kisima pekee chenye maji ni hiki tulichochimba mimi na Philister kwenye mwamba.

"Kaka yake Hassan anasema maji yakikosekana tutamtayamamisha, tumpanguse kwa mchanga badala ya kumwosha," Waridi akasema. "Dini inaruhusu. Lakini mwanangu amejaa vumbi la mawe, shemeji, hadi ndani ya macho. Wallahi siwezi kumzika vile."

Kioko akafunga Biblia, kidole kikabaki ndani. "Pole, mama. Lakini hapa ni ibada. Nenda kwa aliyewanunulia matairi. Mwambie awanunulie na maji."

Agneta, mwimbishaji wetu, akacheka puani.

Waridi alizitua ndoo chini. Alinitazama mimi.

Maneno ya Kioko yalinipendeza. Nilitaka yule mama arudi na ndoo zake tupu, na mwanawe aingie kaburini na uchafu wake. Nilishafungua kinywa nimwambie arudi. Hapo nikawaza: wale wakubwa wangeniona sasa hivi, si wangefurahi! Najib walimlipa. Mimi nawafanyia kazi ile ile bure.

"Mzee Kioko, sogeza kiti. Kisima kiko nyuma yako."

"Musyoka, ukiwapa hawa maji, sisi hatukanyagi hapa tena."

"Chai iko jikoni. Kunyweni kwanza."

Hawakunywa, wakainuka kuondoka. Agneta alipita akisema, "Philister angeyaona mambo haya angelia." Nikamwambia Philister angekuwa ameshateka kitambo, na yeye Agneta angekuwa ameshika kamba. Akaenda zake.

Nikateka. Waridi akanyoosha mkono kuchukua ndoo, nikamkatalia, nikazibeba mwenyewe. Njiani nikamwambia, "Mama Najib, usije ukafikiri nimemsamehe."

"Sikuomba hilo," akasema. "Nimeomba maji."

Tukafika kwake. Wanaume walikuwa wametundika shuka uani, wameanza kumwosha nyuma ya shuka hiyo kwa maji kidogo waliyokuwa nayo. Hassan akatoka, mikono imelowa, akazipokea ndoo bila kuniangalia usoni. Nafikiri aliona haya. Au alinichukia, sijui.

"Hazitoshi, Mzee," akasema alipozirudisha tupu. "Kichwa bado kina vumbi."

Nikarudi kwangu. Uani palikuwa kimya, viti vimetupwa huku na huku. Nikaachia kamba kisimani, ikashuka, ikashuka, nikadhani imeisha. Ndoo ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilipanda na tope, nikaimwaga, nikaishusha tena, nikangoja maji yajikusanye chini. Yakikauka leo, kesho mimi pia nitatembea na ndoo, na sijui ni lango gani litanifungukia.