Risiti Niandike Ngapi?

Fundi Patrick wa gereji ya Kihonda alilaza rula ya chuma juu ya hedi, kile kifuniko kizito cha injini, akaniita niiname.

"Njoo uone mwenyewe, mzee. Usije ukasema nimekubunia ugonjwa."

Niliinama. Katikati, chini ya rula, mwanga wa jua ulipita. Mwembamba kama uzi, lakini ulipita. Akanionyesha na ufa kwa ncha ya bisibisi, baina ya valvu mbili, kisha akafungulia rejeta. Lilitoka tope jekundu.

"Maji ulikuwa unajaza ya wapi?"

"Ya mtoni. Kwani kule mlimani kuna bomba?"

"Watu wa Uluguru mtaniua! Kila gari mnaniletea na shamba lake ndani. Mwaka huu napanda mchicha humu."

Vijana wake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia injini haikuuliwa na maji ya mto, imeuliwa na barabara. Gari linalopanda kwa gia namba moja kuanzia chini mpaka juu, kwa sababu waliopewa kazi ya kuchonga barabara wamekula hela ya kuchonga, litaacha kuchemka?

"Sawa mzee," alisema Patrick. "Lakini wakubwa siwezi kuwaandika kwenye orodha ya spea."

Akachana karatasi ya daftari akaandika: hedi ya mtumba, gasketi ya kuziba chini yake, rejeta, thamostati niliyoing'oa mwenyewe zamani ili maji yapite haraka, na ufundi. Jumla milioni moja na laki mbili.

"Gasketi peke yake haitoshi?"

"Haitoshi. Ukifunga gasketi mpya chini ya hedi iliyopinda itashika siku mbili tatu, ukipandisha na mzigo inaungua tena. Safari hiyo utapasua bloku, kiwiliwili chenyewe cha injini. Bloku likipasuka usije kwangu, nenda kwa wanunua vyuma chakavu."

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini kuibiwa nakujua. Tumechangishwa hela ya zahanati mara tatu, na zahanati mpaka leo ni kuta bila bati. Kalavati la njia yetu, huko juu kupita Kinole, limeahidiwa chaguzi tatu. Mke wangu Mwamvita alikata roho ndani ya pikapu hii hii nikimkimbiza hospitali, saa nne asubuhi, jua kali, gari limesimama mbele ya shimo ambalo lingekuwa kalavati. Nilimfunika kwa khanga yake nikageuza gari. Hakuna mkubwa aliyekuja msibani. Walituma salamu.

Kwa hiyo karatasi ya Patrick niliikunja nikaitia mfukoni, nikamwambia nitakuja kesho.

Inabidi niseme kwa nini gari lile halikuwa gari tu. Kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama. Shamba nililolima miaka ishirini na sita, ndizi, machungwa na pilipili manga, na nyumba iliyo ndani yake, ni vya lukolo, ukoo wa Mwamvita. Hatukujaliwa mtoto. Siku ya arobaini mjomba wake, Mzee Kondo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alisema mbele ya watu: "Mkwe, wewe utakaa, maana mazao yetu yote yanateremka na gari lako. Siku gari likisimama, tutakaa tena tuongee." Gari liliposimama mwezi wa sita, ukoo ulichanga laki tisa wakanikabidhi. Hawakuwa na zaidi. Mimi nami sikuwa na kitu.

Kesho yake sikwenda gereji. Nilikwenda mjini peke yangu, kwenye duka la spea la kina Chandrakant. Nilikuwa na ovaroli yangu yenye mafuta, maana ndiyo nguo yangu ya safari. Binti yake, Rashmi, alikuwa kaunta. Nikampa karatasi. Akaisoma haraka haraka, akavuta kitabu cha risiti, akauliza bila hata kunitazama:

"Risiti niandike ngapi, fundi?"

"Unasemaje?"

"Bei yetu yote laki saba. Tajiri wako nimwandikie ngapi?"

Ndipo akainua macho. "Ee, kumbe baba ndiye mwenye gari?"

"Ndiye mimi."

Akafunga kitabu taratibu. "Shikamoo baba. Usinione mbaya. Mafundi wote ndivyo wanavyotaka. Nisipowauliza wanahamia duka la pili."

Nikapiga hesabu palepale kaunta. Laki saba za vitu, na ufundi Patrick alikuwa ameandika laki moja na nusu. Milioni na laki mbili ilikuwa imebeba laki tatu na nusu za hewa. Damu ilinipanda. Kumbe hata rula ilikuwa maigizo! Kumbe na tope!

"Sikiliza baba," Rashmi alisema. "Bei ndiyo ya uongo. Vitu usiviache. Hii orodha ni ya injini iliyochemka kweli, nazisoma kila siku. Chukua vyote kwa laki saba, mpelekee, mwambie hela ya ufundi ni ile ile. Hatasema kitu."

Laki tisa zilikuwa kwenye soksi yangu. Zilikuwa zinatosha na chenji juu.

"Nipe gasketi," nilisema.

"Gasketi tu?"

"Mtu akikudanganya bei, na ugonjwa amekudanganya."

"Baba, mimi nauza. Nikikwambia nunua utasema nataka hela."

"Ndiyo unataka hela."

Akanipa gasketi.

Patrick hakubisha aliponiona nayo. Alijua nimefika dukani, maana hakunitazama usoni. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake, naye akasema, "Cha juu ni kweli, mzee, sote tunakula hapo. Nakuondolea. Hedi nakufungia bure ukinunua. Lakini usiondoke na hii iliyopinda." Nikamwambia afunge gasketi au nihamishe gari. Akafunga. Kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba mwenye gari amekataa hedi, akaniletea kalamu. Niliweka sahihi kwa furaha. Kwa Mungu, niliona nimeshinda.

Nilipofika kijijini nilimrudishia Mzee Kondo laki saba zilizobaki mkononi, watu wakiona. Nikawasimulia habari ya risiti. Walinipigia makofi. Kuna mwanamke alisema laiti mkwe angekuwa diwani. Usiku ule nilimlilia Mwamvita vizuri, bila hasira, mara ya kwanza tangu azikwe.

Safari ya kwanza gari lilikwenda. Ya pili lilikwenda, mshale wa joto ukapanda kidogo. Ya tatu nilibeba machungwa ya ukoo mzima na mikungu ya ndizi juu yake, nikafika kwenye kilima cha kabla ya lami. Moshi mweupe. Nikasimama, nikachota maji mtoni nikamimina injini ikiwa bado ya moto, kwa sababu soko lilikuwa linanisubiri. Ilitoa mlio kama chungu kinachopasuka. Nilipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia, bloku limepasuka.

Nililala hapo siku mbili, na ndizi zikaiva zote kwa pamoja. Siku ya tatu Mzee Kondo alifika na lori la kukodi. Hakunisalimia. Alikaa juu ya jiwe, vijana wakaanza kuhamisha matenga.

"Nani alikwambia gasketi inatosha?"

"Mjomba, yule fundi ni mwizi."

"Nimesikia. Mwizi alisema gasketi inatosha?"

"Alisema haitoshi."

"Na yule binti wa dukani?"

"Naye alisema haitoshi."

"Sasa nani alisema inatosha?"

Niliangalia vijana wakitupa ndizi zilizooza korongoni.

"Hela ulizonirudishia zilikuwa za injini," alisema Kondo. "Mimi sikuziomba. Ningejua umeacha kitu dukani ningekurudisha siku ile ile."

"Ni barabara hii, mjomba. Wangechonga barabara..."

"Barabara hii hii lori limepanda."

Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba wamekwisha kukaa. Shamba atapewa Yuliana, mtoto wa dada yake Mwamvita. Mume wake ndiye mwenye lori.

Lori lilihitaji kupita. Vijana wakaisukuma pikapu yangu mpaka kwenye nyasi za pembeni, mimi nikiwa nimeshika usukani, sijui kwa nini, maana ilikuwa inakwenda walikotaka wao. Niliteremka nikataka kumweleza Kondo habari ya kalavati, ya wakubwa, ya siku ile saa nne. Nikaanza. Yeye alinyanyua tenga la mwisho akampa utingo, akajifuta mikono, akaniuliza kama ufunguo wa nyumba ninao hapo au nimeuacha nyumbani.

Nilikuwa nao. Nikampa.