Raba za Gurudumu la Nyuma

Mume wangu Muturi ana mikono ya dhahabu, lakini akishashika spana haoni kitu kingine duniani. Na safari hii ilibidi aone, maana Mzee Magan, mwenye ploti tunamopanga chumba Majengo, alikuwa ameshasema neno la mwisho: pikipiki inyamaze, ama tuhame. Kila alfajiri Muturi akienda kiwandani Industrial Area, ilitoka ikilia kama debe la misumari, na jirani yetu wa mlango wa pili, Ruqiyo, alikuwa akimuuguza mama yake mgonjwa. Sikumlaumu mzee. Lakini wateja wangu wote wa kushona walikuwa pale pale, na niliogopa sana.

Jumapili Muturi akafungua gurudumu la nyuma uani. Alikuwa amenunua cheni mpya pamoja na sproketi zote mbili, zile gia za meno zinazoizungusha, kwa kuwa cheni mpya juu ya meno yaliyolika hulia vilevile. Ya mbele aliitafuta yenye meno zaidi, ili injini isihangaike kwa mwendo uleule. Zilizobaki ni zile raba za ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, zinazomeza mtikisiko. Zake zilikuwa zimesagika, na za pikipiki kuukuu kama ile hazikuuzwa tena. Fundi mmoja wa akala, vile viatu vya matairi makuukuu, kule Gikomba alikuwa amemwahidi kumletea jozi iliyochakaa, akate raba humo.

Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi, gurudumu lilikuwa limesharudishwa, Muturi anafuta grisi huku akitabasamu.

"Yule fundi ni mtu poa," akasema. "Ameniachia akala hapo mlangoni, hata hakubisha hodi."

Nikatazama alikoonyesha. Ulikuwa mlango wa Ruqiyo, si wetu. Ndani nikasikia sauti ya Mzee Magan akimwombea mgonjwa dua. Nani Majengo asiyejua kwamba kwa Waislamu viatu huachwa mlangoni? Ila mzee naye! Ploti huku, ploti kule, na miguuni akala ambazo hata mbwa asingezitafuna.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akatoka, akatazama chini, akageuka kushoto na kulia.

"Akala yangu iko wapi?"

Nikamkanyaga Muturi mguu anyamaze. Wapi!

"Mzee, nisamehe. Nimeikata. Iko ndani ya gurudumu. Nilidhani imetupwa."

Mzee akaitazama pikipiki.

"Washa," akasema.

Muturi akapiga kiki, akazunguka uani, akatoka langoni, akarudi. Cheni haikulia. Ilisikika injini tu, ikinguruma chini kwa chini, na usukani haukutetemeka kama zamani. Mzee alisimama vumbini miguu mitupu, ametega sikio upande wa chumba cha mgonjwa. Kimya. Akapanda kiti cha nyuma.

"Peleka mimi nyumbani, Eastleigh."

Sikuweza kuvumilia. "Mzee, na yale maneno ya kuhama?"

Akanikazia macho, kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Nikifukuza nyinyi, mama, si viatu yangu itaenda na nyinyi?"

Wakaondoka polepole. Nikaingia ndani, nikalia kwa furaha, kisha nikaanza kufungua nguo nilizokuwa nimeshazifunga kwenye shuka.