Mkwaju wa Kidakani

Jua la asubuhi hushuka uani mwetu likiwa limechoka, limeruka mapaa ya majirani wote kabla ya kutufikia. Hapo ndipo ninapokuweka wewe, mkwaju wangu usiozidi kimo cha birika, ulinywe. Lakini hukuwa wa kwanza. Usijivune.

Bakuli ndilo lililotangulia. Mvua iliangusha ukuta wa nyumba yetu hapa Amu, kisiwani Lamu, sahani za Kichina za marehemu mama zikasagika chini ya mawe, likabaki bakuli hili moja, limetoboka kitako. Ubavuni limechorwa mti mzee uliopinda, mdogo kama kidole.

Na binti yangu Swafiya alikuwa akikua. Siku ya harusi wanawake wa upande wa mume huja kutazama chumba, na vidaka vya ukutani, makao ya sahani, vingekuwa vitupu kama ufizi wa kibogoyo. Aibu ile ilinichoma kabla haijafika. Nikaapa: mti wa bakulini nitauotesha uwe hai.

Nikachagua kwa ukubwa wa jina, kama tunavyochagua wakwe. Nikapanda mnazi, maana hapa kwetu mtu ni minazi yake. Nikaukata kichwa usirefuke. Mnazi una kichwa kimoja tu, ukafa. Nikapanda mwembe. Ukakubali ufupi, ila jani lake moja lilifunika bakuli zima. Nikalia, nikaichukia miti yote.

Ndipo nikakuona wewe, umejiotea katika ufa wa ukuta ulioanguka, mnene wa shina, mfupi wa kimo, majani kama punje za mchele. Hakuna aliyekupanda, hakuna aliyekumwagilia. Nikakukata mizizi, nikakutia bakulini, ukanyamaza. Nikakukata matawi, ukachipua kwa hasira. Nikakupenda.

Wifi yangu Hadia akaja juu. "Mwanamkisi, muti wa majini huo! Utautiaje ndani kwa bibi arusi?"

"Wifi, jini gani atakaa humu? Hata miguu hana pa kukunja."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Jana, siku ya harusi, wanawake wa upande wa mume wakaja. Shangazi wa bwana arusi, Bi Rahima, mwanamke asiyesifu kitu, akatazama vidaka vitupu, kimoja baada ya kingine. Akafika kwako, kidakani nilikokuweka na bakuli lako, akakugusa akidhani u wa nta. Jioni ilikuwa inaingia, nawe ukaanza kukunja majani yako, taratibu, mbele ya pua yake.

"Ndooni muone!" akapiga kelele. "Mbwene muti wafumba mato!"

Vigelegele vya mti uliofumba macho vikatoka hadi njiani. Taa ikawashwa, kivuli chako kikapanda ukutani mpaka kwenye boriti, kikubwa kuliko mikwaju yote ya Pate. Haya, sasa jivune.

Bibi arusi hukaa kimya, macho chini, hatabasamu mbele ya wakwe. Swafiya wangu aliinua uso akacheka kwa sauti, na Bi Rahima akacheka naye.