Jibu Si Kashata

Ishaka ana ugonjwa wa kuanza. Mimi, Rukaya, nimefanya naye kazi muda wa kutosha katika chumba chetu cha juu hapa Dunda, na sijaona kitu alichokimaliza bila kusukumwa. Duara la asilimia alilianza, mpaka leo nusu halina rangi. Ramani ya nchi aliianza, mpaka leo Pemba haimo. Ukimuuliza anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo linalonipandisha hasira, maana ni zuri.

Tuko watatu. Tunatengeneza maktaba ya michoro, yaani furushi la programu ambalo mtu yeyote duniani analichukua bure ili tarakimu zake zigeuke grafu. Mimi nasahihisha makosa, Ishaka anaanzisha mambo, na Nadhira ndiye mwenye neno la mwisho: asichokikubali yeye hakiingii. Tena Ishaka anampenda Nadhira. Hata mama muuza vitumbua wa pale chini analijua hilo. Ambaye hajaambiwa ni Nadhira mwenyewe, na yeye ndiye anayelijua kuliko wote.

Mwaka huu watumiaji walituomba mchoro wa Ganti, ule wa kupangia kazi. Kila kazi inalazwa kama ufito juu ya tarehe zake, kazi ndefu ufito mrefu, na mshale unatoka ufito huu kwenda ule kusema kwamba hiki hakianzi mpaka kile kiishe. Tukio lisilo na urefu, kama kufungua duka, linawekewa alama ya pembe nne. Sisi tunaiita kashata, kwa sababu ndivyo kashata zinavyokatwa.

Ishaka akapewa kuandika mpango wa kuuingiza mchoro huo. Mpango kama huo lazima uwe na mfano, na wenzetu wa nchi nyingine mifano yao ni kujenga daraja au kurusha chombo angani. Ishaka akaandika, "Harusi ya I na N." Akapanga barua ya posa, jibu, mahari, sanduku la bibi harusi, ndoa, kila moja na rangi yake. Akauweka hadharani, dunia nzima iusome.

"Ni mfano tu, dada," akaniambia huku akikwepa macho yangu.

"I ni nani?"

"Mtu yeyote."

"Na N?"

"Mtu mwingine yeyote."

Nilicheka mpaka nikashika meza.

Nadhira aliusoma kutwa asiseme neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na alasiri mshindo ukaja, kwa maandishi, chini ya mpango, mbele ya macho ya wote:

"Mpango haujakubaliwa. Kwanza, mshale umetoka kwenye barua moja kwa moja hadi kwa N. Mshenga yuko wapi? Kwetu barua haijipeleki. Pili, jibu la posa umelichora kashata, kana kwamba N amekaa mlangoni anasubiri kuitika. Jibu lina muda wake, lichore ufito. Tatu, mwisho wa ufito huo usiuweke wewe."

"Sasa auweke nani?" Ishaka akaniuliza.

"Mwenyewe," nikamwambia.

Basi akaifuta kashata, akaweka ufito wenye mwanzo lakini usio na mwisho. Programu ikagoma. Maktaba yetu haikujua kuchora kitu ambacho hakijulikani kitaisha lini, ikatutolea ukurasa mtupu na onyo jekundu. Hapo nikatambua kwamba yule mwanamke, katika kutania kwake, ametuonyesha kazi yenyewe. Nani asiye na jambo la namna hiyo? Nyumba ya mjomba wangu Mwinjuma kule Zinga iko kwenye msingi tangu sijavunja ungo. Ishaka akakaa kitako, na ajabu ya Mungu, hiyo akaimaliza: ufito unaorefuka wenyewe kila kunapokucha, mpaka mtu aufunge.

Halafu akapata ujasiri, akazungumza na wazee wake. Mjomba Mwinjuma, ambaye ameshakuwa mshenga wa nusu ya mtaa wetu, akavaa koti juu ya kanzu akaenda kwa kina Nadhira na barua ya karatasi. Tulimngoja barazani.

"Shikamoo mjomba. Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Marahaba. Wamepokea. Watatujibu."

"Lini?" Ishaka akauliza.

"Lini haiulizwi, mwanangu."

Ufito wa jibu ukaanza kurefuka. Ukaipita mahari, ukaipita ndoa, ukatoka nje ya ukurasa. Mtumiaji mmoja wa Brazili akaandika kuuliza kama hiyo ni hitilafu. Nadhira akamjibu kwa adabu kwamba hapana, ndivyo inavyotakiwa. Ishaka akakonda, hata tabasamu likapungua, nami, niliyekuwa nikicheka, nikaanza kuumia.

"Shoga, unamtesa mtoto wa watu," nikamwambia Nadhira.

"Simtesi. Nampenda," akasema, wala hakushusha sauti. "Lakini Ishaka huanza. Akianza na mimi akaniachia nusu, nitakwenda wapi? Nataka mtu anayemaliza, Rukaya. Naogopa."

Nikamkubalia, maana na mimi nalijua duara lile.

Jumatatu tukafungua mchoro, ufito umefungwa. Mwishoni mwake imekaa kashata ya kijani. Ishaka aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka, akaanza kusoma Alhamdulillahi. Nikamwacha aimalize, kisha nikamwonyesha kwa kidole chini kidogo, pale kabla ya ndoa.

Nadhira alikuwa ameongeza fito zake. "Mchoro wa Ganti, mpaka mwisho." "Rangi za duara." "Pemba." Kila ufito umetoa mshale, na mishale yote imeingia kwenye ndoa.

Ishaka aliitazama mishale hiyo. Hakutabasamu. Akakiokota kiti, akaketi, akafungua ramani, akaniuliza kama ninajua pwani ya Pemba inaanzia wapi.