Kama Baba ni Tupu

Kwa siku tatu nilikuwa nikigombana na seva, kompyuta inayoendesha tovuti ya chuo chetu cha uuguzi hapa Homa Bay, na nilikuwa nimechoka hadi nywele. Tangu tuisasishe Jumatatu, mtu akibonyeza "Jisajili" hafunguliwi ukurasa, simu yake inapakua faili. Na faili yenyewe ni msimbo wangu, maagizo niliyoiandikia seva peke yake, utumbo wote nje. Usajili ungefungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni.

Saa tisa akaingia mama mmoja, Nyasuguta, kutoka Kehancha, na karatasi tano mkononi.

"Mwalimu, nimejaza fomu ya msichana wangu, Rael. Lakini hii fomu yenu ni ngumu, aki."

Alikuwa amechapishiwa msimbo wangu kwenye saiba, duka la intaneti. Mimi huita vitu kwa Kiswahili ninapoandika, Kiingereza kinanichosha. Kwa hiyo kila palipokuwa na $jina, $kijiji, $alama, alikuwa amejaza kwa kalamu ya buluu, mwandiko safi. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Ni hapa tu imenishinda," akasema, akiweka kidole kwenye mstari mmoja.

Nilikuwa nimeandika: *kama $baba ni tupu, tupa.*

"Rael hana baba. Nimemlea mwenyewe. Sasa mtamtupa?"

Niliona aibu. Ofisi iliniambia kila nafasi lazima ijazwe, nikaandika mstari ule haraka haraka, nikaenda zangu nyumbani.

"Keti, mama. Hatupwi mtu."

Nikaufuta mstari ule. Kisha nikarudi kwenye seva, na saa kumi na nusu nikakipata kisirani chenyewe: usasishaji ulikuwa umezima sehemu inayosoma msimbo kabla ukurasa haujatumwa. Nikaiwasha. Ukurasa ukafunguka. Nikamwandika Rael, nafasi ya baba nikaiacha wazi, na seva ikampokea.

"Asante sana, Mwalimu. Mungu akubariki," akasema Nyasuguta, akazikunja karatasi zake vizuri kama cheti.

Alipotoka sikuinuka. Miaka miwili seva ilikuwa nzima, na kwa sababu ilikuwa nzima hakuna aliyeuona mstari ule. Nikatafuta majina ya waliotupwa, angalau niwapigie simu. Hayakuwepo. Nilikuwa nimeiambia itupe, na ilinitii.