Dawa Isiyodai Cheti

Kwa miaka minne Paskalina hakuanguka, na mama yake, Fransiska, alikuwa ameanza kupata usingizi wa kweli. Vidonge viwili kwa siku, kifafa kimetulia. Kisha vidonge vikaisha hospitalini, vikaisha na kwenye maduka yote ya Katesh. Nesi Agripina, mtu wa Songea aliyehamishiwa huku kwao Nangwa, akapata duka la Arusha linalouza kwa mtandao. Limesajiliwa, lina mfamasia wa kuulizwa, ila lilitaka kwanza cheti kipya cha daktari. Daktari naye angekuja kliniki baada ya wiki mbili.

"Mama, subiri," Agripina alisema. "Duka linalodai cheti ndilo duka."

Subira huvuta heri, lakini aliyesema hivyo hakuwa na binti mwenye kifafa na vidonge vinne vilivyobaki. Fransiska alichukua simu ya Paskalina akatafuta mwenyewe, akakuta duka jingine lenye picha nzuri za dawa na namba ya kupiga. Akapiga.

Mwuzaji alijiita Yoakimu. Alitoa shikamoo, kisha akageukia Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwao, na hapo Fransiska akalainika. Akamhoji kama anayekuja kuposa: wa ukoo gani, babu yake nani, anasali parokia ipi. Yoakimu alijibu bila kukwama. Babu alikuwa Tluway wa Endagikot, na jina lilivyojaa huko Endagikot, utamkosaje Tluway? Namba ya usajili wa duka haikuulizwa. Cheti hakikudaiwa, na Fransiska akaona hiyo ni huruma ya mtu wa nyumbani. Si mjinga mama huyu, ng'ombe mgonjwa humtambua kwa mbali. Lakini sisi watu wa huku tukishajua mtu ni wa nani, tunadhani tumemaliza kumjua.

Vidonge vilifika na basi siku ya tatu. Siku ya kliniki ilipowadia, hakumpeleka binti. Dawa si ipo? Wakaenda kupalilia maharage.

Wiki iliyofuata Paskalina alianguka kwenye matuta, akauma ulimi. Kesho yake akaanguka mara mbili. Hospitalini walimchoma sindano ya kumtuliza, wakasema vidonge bado havijaja, labda mwezi ujao.

Agripina alikivunja kidonge cha Yoakimu kwa vidole viwili, kikasagika kama chaki. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imebandikwa juu ya nyingine. Akalitafuta duka kwenye orodha ya yaliyosajiliwa, halikuwamo. Simu ya Yoakimu haikupatikana tena.

"Mbona hukuniuliza, mama?"

"Ni mtu wetu," Fransiska alisema. "Aliongea kama sisi kabisa."

Agripina akapiga Arusha. Dawa ilikuwepo wiki iliyopita, wakasema. Sasa imekwisha, na hawajui mzigo mwingine utafika lini.

Jioni Paskalina alikaa kitandani, ulimi umevimba, akanyoosha mkono.

"Mama, kidonge changu. Nisipomeza nitaanguka tena."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa vidonge vile ni bandia. Fransiska aliinuka. Akamimina maji kwenye kikombe, akamwekea kiganjani kidonge kile kile cha Yoakimu. Paskalina alimeza, akashukuru, akalala ametulia. Mama akasogeza kichwa cha binti mbali na ukuta, akakaa kungoja.